Vena za Moyo Zilizopita Njia Nyingine: Mwongozo wa Kuzitambua kwa Ultrasaundi

Kwenye eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa ultrasaundi) ya kila siku, macho ya mpimaji hukimbilia valvu na nguvu ya misuli. Ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli wagonjwa wengi shida yao iko huko. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huachwa mwisho, kama muda utabaki, na mara nyingi haubaki. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa mara tatu au nne, mshipa ulioingia mlango usio wake ukaonekana kwenye picha kila mara, na asiwepo hata mmoja aliyeuandika. Kisha siku ya kuwekewa betri ya moyo waya unashuka upande usiotarajiwa, na chumba kizima kinaanza kuulizana.

Mwongozo huu ni kwa anayeshika probu, kile kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa mwilini, au anayejifunza kuishika. Haumfanyi mtu kuwa fundi bila msimamizi kando yake, lakini utampa mpangilio wa kutafuta. Mimi nafuata kanuni moja tu: usitaje jina la mshipa kabla hujaona damu yake inatoka wapi na inaingia wapi. Mahali ulipo na umbo lake hudanganya. Mwelekeo wa damu haudanganyi kirahisi.

Njia iliyo sahihi ikoje

Damu ya kichwa na mikono hushuka kwa vena kava ya juu, ambayo iko upande wa kulia. Damu ya mkono wa kushoto huvuka kifua kupitia vena ya inominati, mbele ya matawi ya aota (ateri kuu ya mwili), ikaungane nayo. Damu ya miguu na tumbo hupanda kwa vena kava ya chini. Damu ya misuli ya moyo wenyewe hukusanywa na sinusi ya koronari, bomba fupi linalolala nyuma ya moyo kwenye mfereji kati ya atiria ya kushoto (chumba cha juu) na ventrikali ya kushoto (chumba cha chini). Zote tatu huishia atiria ya kulia. Vena za mapafu, kwa kawaida nne, huingia atiria ya kushoto.

Mimba ikiwa changa, kila mmoja wetu alikuwa na vena kava mbili za juu, moja kila upande. Baadaye damu ya kushoto hupata njia ya kuvukia kulia, na ile vena ya kushoto hunywea mpaka ikabaki kama uzi. Uzi huo John Marshall aliueleza mwaka 1850, na hadi leo unaitwa ligamenti ya Marshall. Vena hiyo isiponywea, mtu hubaki na vena kava ya juu ya kushoto. Hii ndiyo hitilafu ya vena kubwa za kifua inayoonekana zaidi kuliko nyingine zote: watu 3 hadi 5 katika kila 1,000, na kwa waliozaliwa na kasoro nyingine za moyo inaweza kufika hata mmoja kati ya 10. Kwa hiyo anayepima kila siku atakutana nayo. Swali ni kama ataitambua.

Hatua ya kwanza: iandae mashine kwa damu ya polepole

Mashine iliyopangwa kwa ajili ya valvu haioni vena. Skeli ya dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi, ishushe hadi sentimita 30 au 40 kwa sekunde, maana kwenye skeli ya juu damu ya vena hupita bila kupakwa rangi, nawe ukadhani pale ni patupu. Shusha pia kichujio cha kasi ndogo. Ongeza kina cha picha ili uone nyuma ya atiria ya kushoto hadi uti wa mgongo. Picha nyingi hukatwa hapo hapo palipo na jibu. Waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ziwe zimeshika vizuri, kwa sababu baadaye utahesabu mapigo.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: hakikisha ramani ya rangi haijageuzwa. Nyekundu iwe damu inayoijia probu na bluu iwe inayoondoka. Utambuzi mzima wa hatua ya shingoni unategemea hilo.

Hatua ya pili: anzia kwenye chembe cha moyo

Wengi huanzia kifuani. Kwa vena mimi naanzia chini, mgonjwa akiwa chali, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee.

Weka probu kwa mkato wa mlalo. Tafuta uti wa mgongo kwanza, huo ndio nguzo. Mbele yake, upande wa kushoto wa mgonjwa, utaona aota ikidunda. Upande wa kulia, mbele kidogo, ndiko vena kava ya chini inakopaswa kuwa. Sasa geuza probu wima uifuate ikipita nyuma ya ini, ipokee vena za ini, iingie atiria ya kulia. Usiridhike na kipande. Ione ikiingia.

Usipoiona mahali pake, huku vena za ini zikimwaga damu moja kwa moja kwenye atiria ya kulia, fikiria kuwa vena kava ya chini imekatika sehemu ya ini na damu ya miguu imehamia kwenye vena ya azigosi, inayopanda kando ya uti wa mgongo. Rudi kwenye mkato wa mlalo: utakuta mshipa uliovimba kando ya aota, karibu na uti wa mgongo, ukipanda kwenda kifuani bila kugusa moyo. Weka dopla ya mapigo, inayochora mwendo wa damu kama mawimbi, juu yake. Mawimbi yakiwa ya polepole na yanayobadilika na pumzi, huo ni vena, na jirani yake anayedunda ndiye aota. Hali hii huandamana mara nyingi na mpangilio wa viungo uitwao aisomerizimu ya kushoto (pande zote mbili hufanana na upande wa kushoto), pamoja na bandama zaidi ya moja, basi angalia na bandama. Kwa daktari anayetaka kupitisha kateta (mrija mwembamba) kutoka kwenye paja, habari hii ni ya lazima kabla hajaanza, kwa sababu njia aliyoizoea haipo.

Pima kipenyo cha vena kava ya chini na umwambie mgonjwa anuse kwa nguvu. Ikiwa haizidi milimita 21 na inanywea zaidi ya nusu, shinikizo la atiria ya kulia ni la kawaida. Andika namba hiyo pembeni. Tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya tatu: tundu nyuma ya moyo

Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, chukua picha ndefu kando ya kidari. Nyuma, pale atiria ya kushoto inapokutana na ventrikali ya kushoto, kuna kiduara kidogo cheusi. Kwa mtu mzima mwenye afya kinaweza kuwa chembamba kiasi cha kutoonekana, na hakizidi sentimita 1 hivi. Hiyo ndiyo sinusi ya koronari ikiwa imekatwa kwa upana. Ikiwa kubwa, imebeba kitu zaidi ya damu ya moyo, au imezuiwa kumwaga. Mimi huiona kama hodi mlangoni: haikuambii nani amekuja, lakini huwezi kukaa kimya.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona kiduara cha namna hiyo, kikubwa, nikaandika "aota ya kushuka" na kuendelea. Mama aliyenisimamia hakunikaripia. Alishika mkono wangu pamoja na probu, akaniambia, "Mwanangu, kiangalie kinavyocheza." Nikakiangalia. Kila pigo kiliruka pamoja na mzizi wa valvu ya mitrali (iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kushoto), juu na chini, kama kilichoshonewa pale. Nyuma yake, mbali kidogo, ng'ambo ya mstari mweupe wa mfuko wa moyo, palikuwa na duara jingine lililotulia. Lile la pili ndilo lilikuwa aota.

Tofauti hiyo haijawahi kuniangusha. Sinusi iko ndani ya mfuko wa moyo na husogea na mfereji wa atiria na ventrikali. Aota iko nje ya mfuko na hubaki pale pale. Ukizungusha probu, aota hurefuka ikawa bomba linalokwenda juu na chini kando ya uti wa mgongo, wakati sinusi hurefuka ikawa bomba la mlalo. Kuliona bomba hilo vizuri, nenda kwenye picha ya vyumba vinne, kisha uinamishe mwali kuelekea nyuma polepole mpaka valvu ya mitrali itoweke. Bomba litajitokeza likilala na kufungukia atiria ya kulia, karibu na valvu ya trikaspidi, iliyo kati ya atiria na ventrikali ya kulia. Usichanganye pia na maji ndani ya mfuko wa moyo, ambayo hayana ukuta wake, wala na tumbo la chakula lililopanda kifuani kupitia kiwambo, ambalo hubana atiria ya kushoto kwa nyuma. Kwa hilo la mwisho mpe mgonjwa soda kidogo anywe huku unaangalia: mapovu yakizunguka ndani ya uvimbe, umepata jibu.

Sasa jiulize kwa nini sinusi imetanuka. Hapa namba ya vena kava ya chini inalipa. Kama vena kava ya chini imejaa na hainywei, au trikaspidi inavujisha sana, sinusi inaweza kuwa imetanuka kwa shinikizo tu, pamoja na ndugu zake wote. Kama vena kava ya chini ni ya kawaida na trikaspidi haivuji, shinikizo halihusiki. Kuna damu ya ziada inaingia. Inayoongoza kwa mbali ni vena kava ya juu ya kushoto. Baada yake kuna vena ya pafu iliyoingia kwenye sinusi, fistula (njia isiyo ya kawaida) ya ateri ya koronari, na paa la sinusi lililotoboka, ambapo damu ya atiria ya kushoto huvujia ndani yake.

Hatua ya nne: maji ya viputo

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na majibu yake. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah waliandika juu ya wingu lililojitokeza kwenye ultrasaundi dawa ya rangi ilipoingizwa kwa kateta karibu na aota. Wingu lile lilikuwa viputo vidogo vya hewa. Tangu hapo tunavitengeneza kwa makusudi.

Weka kanula (kimrija cha sindano) kwenye vena ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Narudia, wa kushoto. Mazoea ya wauguzi wengi ni kulia, na kipimo kikifanyika kulia peke yake vena kava ya kushoto itapita salama bila kuonekana. Waombe kabla hawajaanza.

Chukua mabomba mawili ya sindano ya mililita 10 na koki ya njia tatu. Bomba moja liwe na mililita 9 za maji ya chumvi ya dripu, na hewa isiyozidi mililita 1. Funga njia ya kwenda kwa mgonjwa, sukuma maji kutoka bomba hadi bomba kwa nguvu, angalau mara kumi, mpaka yawe meupe kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Wapo wanaoongeza kiasi kidogo cha damu ya mgonjwa mwenyewe ili viputo vidumu. Simamisha bomba, hewa inayoonekana ikae juu, na usiisukume hiyo. Viputo hufa haraka, kwa hiyo mkono wa mwenzako uwe tayari kwenye koki na wewe uwe umeshapata picha unayoitaka: ile ya vyumba vinne iliyoinamishwa nyuma, inayoonyesha sinusi na atiria ya kulia kwa pamoja. Anza kurekodi kabla hajasukuma. Endelea kurekodi kwa mapigo kumi au zaidi.

Nini huwaka kwanza? Hilo tu ndilo swali.

Kwa mtu wa kawaida, atiria ya kulia hujaa weupe na sinusi hubaki nyeusi. Kwa mwenye vena kava ya juu ya kushoto inayoishia kwenye sinusi, bomba la nyuma huwaka lote ghafla, na pigo moja baadaye weupe unamwagika kwenye atiria ya kulia. Ukishaliona mara moja hutalisahau. Takribani wanane au tisa kati ya kila kumi wenye vena hii ni wa kundi hilo.

Ikiwa atiria ya kushoto ndiyo iliyowaka kwanza, simama, usirudie sindano bila kufikiri. Vena hiyo inamwaga damu isiyo na oksijeni upande wa kushoto wa moyo, ama moja kwa moja ama kupitia sinusi isiyo na paa. Ghassan Raghib na wenzake walieleza mwaka 1965 muungano wa vena kava ya kushoto inayoingia atiria ya kushoto, kukosekana kwa sinusi ya koronari, na tundu kati ya atiria. Kasoro ya paa la sinusi hugawanywa leo katika aina nne: paa lote limekosekana pamoja na vena kava ya kushoto, paa lote limekosekana bila vena hiyo, tundu katikati ya paa, na tundu mwishoni karibu na atiria ya kulia. Mbili za mwisho ni ngumu kuonekana, na mara nyingi kinachozifichua ni sinusi pana isiyo na maelezo, pamoja na upande wa kulia wa moyo uliotanuka.

Hatari ya damu hiyo inayopita bila kuchujwa na mapafu ni kubwa kuliko ukubwa wa tundu lenyewe: bonge dogo la damu au vijidudu kutoka mkononi vinaweza kufika kwenye ubongo vikaleta kiharusi au jipu. Kijana aliyepata mojawapo bila sababu, na oksijeni yake iko chini kidogo, anastahili kipimo hiki mkono wa kushoto hata kama eko yake ya kwanza ilisomeka safi.

Baada ya kushoto, rudia mkono wa kulia. Wengine huona ni kupoteza muda, mimi siiachi. Weupe ukienda moja kwa moja atiria ya kulia bila kupitia sinusi, vena kava ya kulia ipo. Ukipitia sinusi kwanza hata kwa mkono wa kulia, vena kava ya kulia haipo, na damu yote ya juu ya mwili inategemea ile ya kushoto. Kwa mtu huyo, betri ya moyo na mirija ya shingoni ni shughuli ya kupangwa upya kabisa.

Tahadhari mbili. Viputo vikionekana atiria ya kushoto baada ya atiria ya kulia kujaa, hiyo ni habari nyingine: ndani ya mapigo matatu tafuta tundu kati ya atiria, na vikichelewa zaidi ya mapigo matano fikiria njia ya mkato ndani ya mapafu. Pia, watu wengine wana vena kava ya kushoto na bado wana vena ya inominati nzuri inayounganisha pande mbili. Viputo vyao hugawanyika, au vyote vikafuata inominati. Kwa hiyo kipimo kikitoka kimya na sinusi ni pana, usifunge jalada. Na kwa mgonjwa unayejua ana damu inayovuka kulia kwenda kushoto, tumia kiasi kidogo kabisa, ukague bomba kwa mwanga kabla ya kusukuma. Ganzi au kizunguzungu cha muda mfupi vimewahi kutokea.

Hatua ya tano: shingoni, juu au chini?

Weka probu kwenye kishimo cha shingo juu ya kidari, mgonjwa amelaza kichwa nyuma, kisha isogeze kidogo juu ya mtulinga wa kushoto. Kando ya upinde wa aota, upande wa kushoto, kwa kawaida hapana mshipa mkubwa wa wima. Ukiukuta, usishangilie vena kava ya kushoto bado. Weka rangi.

Damu ikishuka, yaani bluu, inaelekea moyoni: hiyo ni vena kava ya juu ya kushoto. Damu ikipanda, yaani nyekundu, inatoka kifuani kwenda kwenye inominati: hiyo ni vena ya wima inayobeba damu ya pafu iliyokosa mlango wa atiria ya kushoto. Mahali ni pale pale, umbo ni lile lile, na magonjwa ni mawili tofauti kabisa. Mmoja huenda asihitaji matibabu yoyote maisha yake yote. Mwingine huenda akahitaji upasuaji. Thibitisha kwa dopla ya mapigo, ili usije ukaipa ateri jina la vena. Kuna mshipa mwingine adimu unaoitoa damu ndani ya atiria ya kushoto na kuipandisha, unapokuwepo mzuio upande wa kushoto wa moyo. Utautofautisha kwa kuona vena za mapafu zote zimefika mahali pake.

Hapo hapo shingoni ifuate inominati ikivuka kwenda kulia. Ikiwa nyembamba mno au haionekani, mizani inaelemea kwenye vena kava ya kushoto. Ikiwa pana kuliko kawaida pamoja na vena kava ya juu ya kulia, kuna damu ya ziada inayoipitia, na ni juu yako kuitafuta inatoka wapi.

Hatua ya sita: hesabu vena za mapafu

Kwa mtoto mchanga, mkato wa mlalo kutoka kishimo cha shingo huonyesha atiria ya kushoto na vena nne zikiingia, kama kaa na miguu yake. Kwa mtu mzima picha hiyo haipatikani mara nyingi, na ni kawaida kuona vena mbili au tatu tu kupitia kifuani. Andika ulizoziona kwa majina yake na zile usizoziona. Kuandika "vena za mapafu za kawaida" wakati umeona mbili ni kumfungia mlango daktari anayekuja baadaye. Kumbuka pia kuwa nne si amri: vena mbili za kushoto zinaweza kuungana kabla ya kuingia, na kulia kunaweza kuwa na ya tatu. Hayo ni maumbile tu.

Dalili inayonituma kutafuta vena ya pafu iliyopotea ni upande wa kulia wa moyo uliotanuka bila sababu. Hakuna tundu katikati ya ukuta wa atiria, trikaspidi ni nzuri, shinikizo la mapafu halitoshi kueleza. Hapo vena ya juu ya pafu la kulia ndiyo mshukiwa wa kwanza, ikiwa imeingia vena kava ya juu, mara nyingi pamoja na tundu la sinusi venosi lililo juu kabisa, pembeni mwa mdomo wa vena kava. Eko ya kifuani hulikosa tundu hilo kirahisi, kwa sababu liko mbali na mwali. Jaribu kutoka kwenye chembe cha moyo kwa mkato wa wima unaoonyesha vena kava zote mbili, na usiporidhika omba eko ya kupitia umio, kwa pembe ya nyuzi 90 hadi 110. Kwenye eko hiyo hiyo utaona pia vena kava ya kushoto ikiwepo: hupita kati ya kijimfuko cha atiria ya kushoto na vena ya juu ya pafu la kushoto.

Upande wa chini, vena ya pafu la kulia inaweza kushuka hadi vena kava ya chini. Kwenye eksirei hujichora kama upanga uliopinda, pafu la kulia likawa dogo na moyo ukasogea kulia. Kwa ultrasaundi, utaona mkondo wa rangi ukijipenyeza kwenye vena kava ya chini karibu na kiwambo, mahali ambapo hutarajii mgeni.

Kichanga mwenye rangi ya bluu

Huyu hapewi miadi. Vena zote za mapafu zikikosa atiria ya kushoto, utaona atiria ya kushoto ndogo, upande wa kulia umejaa, na damu inavuka tundu la atiria kutoka kulia kwenda kushoto tu. Nyuma ya atiria ya kushoto kutakuwa na chumba cha ziada ambamo vena hukusanyika. Fuata chumba hicho. Kinaweza kupanda kwa vena ya wima, na hii ndiyo aina inayoonekana zaidi. Kinaweza kuingia sinusi ya koronari. Au kinaweza kushuka chini kabisa ya kiwambo hadi kwenye mishipa ya ini. Aina ya kushuka ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu damu hukwama njiani na mapafu hujaa maji. Kwenye chembe cha moyo utaona mshipa wa tatu kati ya aota na vena kava ya chini, damu yake ikikimbia kuuacha moyo lakini kwa mawimbi ya vena. Ukikuta damu ya haraka, iliyonyooka bila kupanda na kushuka, pamebanwa. Piga simu kwa daktari wa upasuaji wa moyo wa watoto ukiwa bado umeshika probu, ripoti utaandika baadaye.

Kuandika na kumweleza mgonjwa

Ripoti itaje kipenyo cha sinusi na ni wakati gani wa pigo kilipimwa, mkono uliochomwa, mpangilio wa kuwaka, kama vena kava ya kulia ipo, kama atiria ya kushoto ilipata viputo na baada ya mapigo mangapi, mwelekeo wa damu katika kila mshipa usio wa kawaida, na vena za mapafu zilizoonekana. Omba CT au MRI pale ambapo vena ya pafu haijulikani ilipo, paa la sinusi linashukiwa, au upasuaji unapangwa. Daktari wa upasuaji aambiwe waziwazi kuhusu vena kava ya kushoto, maana dawa ya kusimamisha moyo ikisukumwa kinyumenyume kupitia sinusi inaweza kukimbilia kwenye vena hiyo na kuacha misuli bila kinga.

Na mgonjwa asiondoke na neno "hitilafu" peke yake kichwani. Mwenye vena kava ya kushoto inayoishia atiria ya kulia, bila kasoro nyingine, mimi humwambia hivi: "Mama, moyo wako unafanya kazi vizuri. Una mshipa mmoja uliobaki tangu ukiwa tumboni kwa mama yako, nao unapeleka damu mahali sahihi kwa njia ndefu kidogo. Hauhitaji dawa." Kisha namwandikia karatasi ndogo ya kuweka pamoja na kitambulisho: ana vena kava ya juu ya kushoto, inaingia sinusi ya koronari, ya kulia ipo, na yeyote atakayemwekea betri ya moyo au mrija mkubwa wa shingoni aanzie upande wa kulia.